Pilau ya kilo moja inachambuka, ya kilo tano inageuka bokoboko. Tatizo ni maji, moto au mchele?

#1 Mwenda_Tabata
Habari za jioni wakuu.

Hapa Dar tuna kikundi cha marafiki, tunazungukiana majumbani. Mwenye zamu anapika, wengine wanakuja na soda, tikiti au mikono mitupu. Siyo shughuli, hakuna kadi wala turubai. Ni mikeka barazani, masinia mawili matatu na stori mpaka usiku. Chakula karibu kila mara ni pilau.

Kuna kitu nimekiona kwenye nyumba zote. Watu haohao siku za kawaida wakipika kilo moja ya familia, pilau inatoka punje mojamoja, ukiigusa inamwagika. Siku ya zamu, kilo nne au tano, unapakua unakuta chini imeungua, katikati bokoboko, juu punje zina kiini. Yote ndani ya sufuria moja! Wapo wa gesi, wapo wa mkaa, wapo wanaopima kwa kikombe na wanaopima kwa kidole.

Msiseme ni wingi, maana wapishi wa shughuli wanapika kilo hamsini kwa kuni na inachambuka. Mimi nasema tatizo ni maji. Watu wanazidisha maji kwa hesabu ileile ya kilo moja. Nipingeni.

#2 Kigoda
Nimeshavuta kigoda changu. Ngoja waje wenye jiko.

#3 Mama_Mbagala
Mwenda, maji unayasingizia. Tatizo ni moto. Kilo moja unaipika kwenye sufuria ndogo, moto unaikumbatia chini na ubavuni. Kilo tano kwenye gesi ya plate mbili, moto unapiga kitovu tu cha sufuria. Katikati panaungua, pembeni hapajachemka. Hapo hata ungepima maji kwa mizani ya dhahabu haitoki.

Mkaa ndiyo dawa. Chini makaa machache, juu ya mfuniko makaa mengi. Wali unaivia juu, haujafia chini.

#4 Mtoto_wa_Mbarali
Wote mmeruka kitu cha kwanza: mchele. Mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, Mbarali, mkoani Mbeya. Mchele mpya ukitoka tu kuvunwa, huku kwetu kuanzia mwezi wa tano hivi, bado una unyevu, haunywi maji mengi. Mchele uliokaa ghalani umekauka, unakunywa. Mtu anayepika kilo moja anachota kwenye ndoo yake ya nyumbani, anaujua. Siku ya wageni anatuma mtoto dukani, "lete kilo nne za Mbeya". Analetewa mchanganyiko wa mpya na wa zamani, pengine aina mbili za mchele, Supa imechanganywa na SARO. Kila punje ina kiu yake. Ndiyo maana unakuta bokoboko na kiini mkono mmoja.

Kwa hiyo Mwenda, hicho ulichokieleza, laini na ngumu pamoja, mimi nakisoma kama mchele mchanganyiko.

#5 Mwenda_Tabata
Mbarali, hoja nzito hiyo. Ila ingekuwa mchele umechanganywa, kiini kingesambaa kote. Mbona kinakaa juu tu?

#6 Mama_Mbagala
Kwa sababu juu hakuna makaa! Nimeshasema.

#7 Mwalimu_Fizikia
Wakuu, niweke hesabu kidogo. Nafundisha sekondari na jikoni ndiko ninakotolea mifano yangu.

Kilo moja ya mchele ni karibu vikombe vitano vya mililita 250. Mchele wenyewe ili uive unanyonya maji karibu sawa na ujazo wake, au zaidi kidogo. Yale mengine tunayoongeza ni ya kuondoka na mvuke. Sasa mvuke hautegemei kilo za mchele. Unategemea upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto, mfuniko unabana kiasi gani na muda unaopika.

Chukua mtu wa "kikombe kimoja maji mawili". Kwa kilo tano ana vikombe 25 vya mchele na 50 vya maji, yaani lita 12 na nusu. Mchele utanyonya lita sita, saba. Zaidi ya lita tano zinatakiwa ziondoke kwa mvuke ndani ya nusu saa hivi, na mfuniko umefunikwa. Jiko la nyumbani halina nguvu ya kukausha lita tano kwa muda huo. Zinabaki humo humo, mchele unaendelea kunywa mpaka unapasuka.

Mwenda yuko sahihi kwenye maji. Lakini hao wa kidole nawatetea. Kidole kinapima kina cha maji juu ya mchele, na kina kile kile kwenye mdomo mpana ni maji mengi zaidi, sawasawa na mvuke utakaotoka hapo. Mdomo wa sentimita 40 una eneo mara nne ya ule wa sentimita 20, siyo mara mbili. Bibi zetu walikuwa wanapima eneo bila kuandika popote.

#8 Kigoda
Mwalimu, ungenifundisha wewe nisingekimbia fizikia kidato cha pili.

#9 Bint_Makadara
Salaam kutoka Mombasa. Mwalimu amesema vyema, lakini kidole cha nani? Kidole cha mume wangu na changu si kimoja. Sisi hapa tukipikia watu wengi twatumia mchele wa Pakistani, basmati iliyokaa. Twauroweka nusu saa, twauchuja, ndipo unaingia kwenye supu inayochemka. Ukishauroweka, maji ya sufuriani yapunguzwe. Wengi huroweka na bado wakaweka maji yaleyale, kisha walaumu mchele.

#10 Mtoto_wa_Mbarali
Dada Makadara, basmati ni nyepesi kwa mpishi, hilo nakubali. Lakini harufu? Weka sahani ya Kyela na sahani ya basmati, fumba macho, utajua ipi imepikwa na mtu wa kwenu.

#11 Bint_Makadara
Nikifumba macho kwa pilau nanusa mdalasini na iliki, kaka. Harufu ya mchele iache kwa wali mweupe.

#12 Wa_Nairobi
Wakuu niko Nairobi, hapa tunapika mchele wa pishori kutoka Mwea. Naongeza jambo ambalo halijaguswa: mahali. Huku juu maji hayachemki vizuri kwa sababu ya baridi. Nikija Mombasa kwa shemeji, kipimo changu cha Nairobi kinaniangusha. Huenda hata hapo Dar kuna mliotoka nyanda za juu mnapika kwa kipimo cha kwenu.

#13 Mwalimu_Fizikia
Mkuu wa Nairobi, jambo ni kweli ila sababu siyo baridi. Ni mgandamizo wa hewa. Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,700, hewa inakandamiza kidogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Mbeya mjini ni vilevile. Chakula kinachukua muda mrefu zaidi kuiva, na muda mrefu maana yake mvuke mwingi zaidi, ndiyo unaongeza maji. Jua likiwaka au mvua ikinyesha, nyuzi zinabaki hizohizo.

#14 Wa_Nairobi
Asante mwalimu, nimepokea.

#15 Mpishi_wa_Shughuli
Nimekuwa nasoma kimya. Kupika ndiyo kazi yangu, shughuli za Temeke na Kinondoni nyingi nimesimama mimi na vijana wangu. Nieleze tunavyofanya, kisha kila mmoja aone kosa liko wapi.

Nyama inachemshwa mapema, supu inawekwa pembeni. Vitunguu vinakaangwa kwenye mafuta ya kutosha mpaka viwe rangi ya kahawa iliyokoza. Hapa ndipo rangi ya pilau inapotoka, siyo kwenye pakiti. Vikianza kutoa harufu ya utamu unaviwahi, maana kati ya kahawia na kuungua ni kama kuvuka barabara. Inafuata tangawizi na saumu, halafu binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga. Nyama inaingia, igeuke rangi. Viazi. Ndipo supu.

Sasa sikilizeni. Supu lazima ichemke kwa vurugu kabla mchele haujaingia. Mchele umeshaoshwa na kuchujwa kwenye tenga, hauna maji ya ziada. Unamimina, unageuza mara moja, moto unabaki mkali. Huondoki hapo. Maji yanashuka mpaka usawa wa mchele, unaona vitundu vinatokea juu na kila kitundu kinapumua. Hapo hapo kuni zinatolewa zote, yanabaki makaa kidogo. Unaweka jani la mgomba ulilolipitisha motoni lilainike, au foili, unafunika, makaa yanakwenda juu ya mfuniko. Baadaye unafunua mara moja, unageuza kwa kuingiza mwiko pembeni na kuinua chini kuja juu, taratibu, punje zisivunjike. Unafunika tena.

Watu wa nyumbani wanakosea kwenye kuchemka. Wanatia kilo tano za mchele wa baridi kwenye supu ya jiko dogo, uchemkaji unakufa, na jiko linachukua robo saa kuurudisha. Robo saa nzima mchele umelala kwenye maji ya moto yasiyochemka, unatoa uwanga. Uwanga ule ndiyo bokoboko. Siyo maji mengi, siyo mchele.

#16 Mwenda_Tabata
Heshima kwako mkuu, hii nimeinakili. Lakini mwalimu kasema lita tano za ziada, na wewe unasema siyo maji. Nyie wawili mnapishana.

#17 Mpishi_wa_Shughuli
Hatupishani sana. Mimi sipimi maji kwa vikombe. Nikiona supu ni nyingi nachota kwa upawa natoa, nikiona ni chache naongeza ya moto. Mwalimu anapima mwanzo, mimi napima katikati.

#18 Gesi_Tu
Sasa tuliohama mkaa tufanyeje? Nimepanga ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki kuona hata jivu. Na serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 mpaka 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kila ushauri humu unaishia "palia makaa".

#19 Dada_wa_Sinza
Gesi_Tu, chuma cha chapati. Maji yakishashuka, weka chuma cha chapati juu ya plate, halafu sufuria juu ya chuma, moto mdogo kabisa. Joto linasambaa, halipigi kitovu. Juu funika foili mbili, mfuniko, na kitu kizito. Ukiwa na oveni ni bora zaidi, unaingiza sufuria nzima isiyo na mshikio wa plastiki, joto linaizunguka pande zote kama makaa.

Na la maana kuliko yote: pika sufuria mbili. Nani amekulazimisha kilo tano ziwe chungu kimoja? Kilo mbili na nusu huku, mbili na nusu kule, plate zote mbili zinafanya kazi. Bokoboko huioni.

#20 Mama_Mbagala
Sinza umenena. Ila ukoko wa sufuria mbili za gesi haufiki ukoko wa sufuria moja ya mkaa. Na wageni wangu wengine wanakuja kwa ajili ya ukoko.

#21 Mzee_Forodhani
Kwetu Unguja twaita matandu, na watoto walikuwa wakigombania. Naona mmesahau sababu moja, wanangu. Mpishi wa zamu ana wageni sebuleni. Kila anayeingia, "karibu, karibu", anatoka jikoni kumpokea. Akirudi anafunua kutazama. Anakuja rafiki naye anafunua, "mmh, inanukia". Mvuke umekwenda zake, juu pamekauka na kiini. Siku ya kilo moja hakuna anayemfunulia chungu. Mimi nikialika watu, jikoni haingii mtu mpaka nipakue.

#22 Kigoda
Mzee wangu, hii ndiyo imenigusa. Mimi ndiye huyo rafiki wa "mmh, inanukia".

#23 Dada_wa_Sinza
Tulijua.

#24 Gesi_Tu
Mimi nimeamua kuondoa presha. Nikiwa na wageni Jumapili mchana napika Jumamosi usiku, naiacha sufuriani, kesho napasha. Wageni wanafika nimeshaoga.

#25 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Gesi_Tu, tafadhali acha hiyo. Nimewapokea watu wodini baada ya viporo vya wali. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu sufuriani usiku kucha na joto la Dar, mbegu zinaamka, zinazaana, na sumu mojawapo wanayoitoa haiondoki hata ukipasha mpaka ufuke. Ni kutapika na kuharisha, na ukiwa umelisha watu ishirini ni ishirini wote.

Ikibidi upike mapema, utandaze kwenye masinia upoe haraka, ndani ya saa moja au mbili uwe kwenye friji, tena kwenye vyombo vya kina kifupi. Sufuria nzima ya kilo tano ukiisukuma kwenye friji, katikati itabaki ya moto kwa masaa mengi. Kesho yake unatoa, unapasha mpaka iwe ya moto kabisa, mara moja tu.

#26 Gesi_Tu
Daah. Asante nesi. Jumapili hii napika asubuhi.

#27 Wa_Nairobi
Na mvua ikinyesha, jiko la mkaa mnaliingiza ndani?

#28 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hapana kabisa, labda barazani penye upepo. Moshi wa mkaa una hewa isiyo na harufu inayolaza mtu asiamke. Wageni wamejaa, madirisha mmefunga kwa sababu ya mvua, ndiyo hatari yenyewe.

#29 Bint_Makadara
Tumeongea maji na moto, hakuna aliyetaja nyanya. Kuna watu watia nyanya kwenye pilau! Nyanya zina maji, tena zina ukali. Kilo moja ya mchele nyanya mbili hazionekani. Kilo tano anatia kumi, amejiongezea maji asiyoyahesabu.

#30 Mama_Mbagala
Pilau haina nyanya. Ikiwa na nyanya hiyo tafuteni jina lake.

#31 Wa_Nairobi
Nyumbani kwetu tunatia nyanya na hakuna aliyekataa sahani.

#32 Mpishi_wa_Shughuli
Situmii. Lakini nina wateja wanaomba, nawatilia, na ninapunguza supu. Dada wa Mombasa kasema kweli: vitunguu, nyanya, viazi, nyama, vyote vina maji yao. Kitunguu kikikaangwa vizuri maji yameshaondoka. Mtu mwenye haraka na wageni anakitoa kikiwa cheupe, kumbe kilo nzima ya vitunguu bado ina maji yake humo.

#33 Ukhti_Muscat
Assalaam alaykum. Niko Muscat, wazee wangu ni wa Pemba. Huku marafiki tunaalikana Alhamisi au Ijumaa na mimi nimeacha njia ya kukausha maji kabisa. Nauchemsha mchele kwenye maji mengi yenye chumvi mpaka ubaki na kiini kidogo, naumwaga kwenye chujio, halafu naupanga juu ya nyama na rojo lake zito lenye viungo vyote. Foili, mfuniko, moto wa chini kabisa. Hapo hakuna wa kubahatisha maji, ya ziada yote yameondoka na chujio. Nimelisha watu wengi hivi na kila punje imejitenga.

#34 Mzee_Forodhani
Binti yangu, hiyo ni njia ya biriani. Pilau mchele unakunywa supu ya nyama toka mwanzo, ladha iko ndani ya punje. Ukiuchemsha pembeni umeupa maji ya chumvi anywe, supu inampitia nje.

#35 Ukhti_Muscat
Sawa babu, nakubali ladha inapungua kidogo. Ndiyo maana maji ya kuchemshia natia iliki, mdalasini na kikombe cha supu. Ila wageni wangu hawajawahi kupewa kiini.

#36 Mtoto_wa_Mbarali
Nimefuatilia posti zote. Kila mmoja akieleza njia yake, mchele wake ni ule anaoujua. Muscat na Mombasa basmati, Nairobi pishori, mpishi wa shughuli bila shaka ana duka lake. Hakuna anayepika kilo tano za mchele asioujua. Bado nasimama hapo hapo.

#37 Mpishi_wa_Shughuli
Hapo Mbarali umenipata. Gunia likiwa geni, napika kikombe kimoja kwanza alfajiri, niuone tabia.

#38 Mwenda_Tabata
Kumbe hata nyie mnajaribu. Sasa swali la pembeni: mkialika, mnaachia watu waje mikono mitupu au kila mtu na kitu chake? Sisi kuna anayekuja na rafiki wawili bila taarifa, na hapo ndipo mtu anaongeza kilo ya mchele dakika za mwisho kwenye sufuria iliyoshajaa.

#39 Dada_wa_Sinza
Huyo mwenye rafiki wawili ndiye sababu ya bokoboko yenu, tuache fizikia. Mimi naandika kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla: nani anakuja, na wangapi. Chakula ni changu, lakini mmoja analeta ndizi mbivu, mmoja matunda, mmoja barafu na soda. Kachumbari nawapa wanaume wakate barazani, kitunguu kioshwe kwa chumvi kwanza. Wakiongezeka watu siongezi mchele, naongeza chapati au viazi vya kukaanga.

#40 Mzee_Forodhani
Kwetu mgeni haambiwi alete kitu. Akileta anashukuriwa, asipoleta sahani yake ni ileile.

#41 Mama_Mbagala
Mzee, na vyombo mnaoshea nani? Waliokula bure waoshe. Sinia lenye mafuta ya pilau halioshwi na mtu mmoja aliyesimama jikoni toka asubuhi.

#42 Kigoda
Mimi naosha. Ila sufuria ya chini iliyoungua nimwachie mwenyewe.

#43 Wa_Nairobi
Kigoda, ukoko ulikula wewe, sufuria ni yako.

#44 Mgeni_Jamvini
Samahani nimechelewa kuusoma uzi. Na wali wa nazi kwa watu wengi? Wangu unaganda chini kabla juu hapajaiva, na mafuta ya nazi yanajitenga.

#45 Ukhti_Muscat
Tui zito lisitangulie, ndilo linaloshika chini. Anza na tui jepesi la pili lenye chumvi, lichemke, mchele uingie. Maji yakishashuka usawa wa mchele ndipo unamimina tui zito juu, unageuza mara moja, unafunika, moto unaushusha kabisa. Kwa kilo tano nakuna nazi saba, nane, nikizipata zilizokomaa.

#46 Mama_Mbagala
Nane ni nyingi, utakosa mchuzi wa kuulia. Sita zinatosha.